TensorFlow inakatika kabla ya kuanza

Swali: Kompyuta ya maabara yetu ni ya mwaka 2009 na inatumia Linux. Kila TensorFlow inapoitwa ndani ya Python, programu hufungika na kuacha maneno "Illegal instruction". Je, RAM haitoshi?

Jibu: RAM haina hatia. Ujumbe huo maana yake prosesa imepewa amri isiyoijua. Tangu toleo la 1.6 la mwaka 2018, TensorFlow inayopakuliwa ikiwa tayari hutumia amri za AVX, ambazo Intel ilizileta sokoni mwaka 2011 kwa prosesa za Sandy Bridge.

Kuhakikisha ni rahisi: andika grep avx /proc/cpuinfo. Isiporudisha kitu, mshukiwa amepatikana. Umri wa mashine pekee usimpoteze mtu, maana Celeron na Pentium kadhaa zilizotoka baada ya 2011 nazo hazina AVX.

NumPy, maktaba nyingine ya Python, kwa kawaida hunusurika na tatizo hili, kwa kuwa maktaba yake ya OpenBLAS huitambua prosesa kwanza, ndipo ichague amri.

Dawa ya haraka ni toleo la 1.5 pamoja na Python 3.6. Anayehitaji toleo jipya itabidi aijenge TensorFlow kutoka msimbo chanzo, ikiwezekana kwenye kompyuta yenye nguvu zaidi, huku akiitaja prosesa ile ya zamani kuwa ndiyo lengo.