Je, kileleni Kilimanjaro hakuna oksijeni?

SWALI: Natarajia kupanda Kilimanjaro. Wenzangu wananiambia huko juu hakuna oksijeni. Ni kweli?

JIBU: Oksijeni ipo, tena kwa kiwango kilekile cha asilimia 21 ya hewa, kama Tanga. Kinachopungua ni kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa. Hewa ina uzito: ya juu huilemea ya chini, ndiyo maana ya pwani imeshonana. Kadiri unavyopanda, mzigo huo hupungua na hewa hutawanyika. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kina takriban nusu ya kanieneo ya pwani, hivyo kila pumzi hubeba karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Panda polepole. Kichwa kikiuma sana au ukitapika, usijikaze. Shuka mara moja.