Kipimo cha Chakula cha Mtoto Mdogo

Watu wengi hudhani ya kuwa njaa huingia katika nyumba isiyo na chakula tu. Sivyo. Huenda ghala imejaa mahindi, na chungu chachemka jikoni kila jioni, na huku mtoto wa mwaka mmoja na nusu akonda machoni pa wazazi wake. Hanyimwi chakula, bali hulishwa kwa namna isiyolingana na mwili wake. Kwa hiyo kila mwenye mdogo wake nyumbani yampasa kujua mambo matatu: mtoto ale mara ngapi, ale kiasi gani, na ale nini.

Jambo la kwanza lategemea tumbo lenyewe. Mtu mzima aweza kula asubuhi, akaenda shambani, akarudi jioni akala tena akashiba. Mtoto mdogo hawezi. Mtoto mwenye uzito wa kilo 8 ana tumbo liwezalo kupokea kadiri ya robo ya lita kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja. Likiisha kujaa, hata akibembelezwa hali zaidi. Lakini mwili wake unakua upesi, naye hucheza na kutambaa na kutembea mchana kutwa, hata haja yake ya chakula ni kubwa kuliko tumbo lake. Basi njia ni moja tu, kumlisha kidogo kidogo mara nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la pili ni kiasi. Shirika la Afya Duniani limetoa kipimo ambacho mama yeyote aweza kukifuata kwa kikombe cha mililita 250. Tangu kuzaliwa hata miezi 6 mtoto hunyonya tu, wala hapewi kitu kingine, hata maji. Kisha huanza kula, huku akiendelea kunyonya mpaka atimize miaka 2 au zaidi:

Miezi 6 hadi 8: milo 2 au 3 kwa siku, kuanzia vijiko 2 au 3 vya chakula, kikiongezwa polepole hata nusu kikombe.

Miezi 9 hadi 11: milo 3 au 4, kila mlo nusu kikombe.

Miezi 12 hadi 23: milo 3 au 4, kila mlo robo tatu ya kikombe hata kikombe kizima.

Tangu mwezi wa 9, kati ya milo hiyo mtoto apewe kitu kidogo mara 1 au 2 akitaka. Mtoto asiyenyonya tena huhitaji mlo 1 au 2 zaidi, pamoja na kikombe 1 au 2 vya maziwa kila siku.

Siku ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu yaweza kupangwa hivi. Saa 1 asubuhi apewe uji mzito uliotiwa maziwa au karanga zilizosagwa. Saa 4, kipande cha papai au ndizi mbivu. Saa 7 mchana, ugali laini na maharage yaliyopondwa, pamoja na mchicha. Saa 10, kiazi kitamu. Saa 12 jioni, kabla hajashikwa na usingizi, wali au ndizi zilizopondwa, pamoja na yai au dagaa waliosagwa. Hapana kitu katika orodha hii kisichopatikana katika vijiji vingi vya Tanzania. Kinachotakiwa ni mtu wa kukumbuka saa.

Yafaa pia mtoto awe na kibakuli chake peke yake. Katika sinia moja, ndugu zake wakubwa humega matonge manne yeye akihangaika na moja, na mboga huisha kabla hajaifikia. Mama akitazama sinia tupu hudhani wote wamekula sawasawa. Kibakuli hakidanganyi, kwani huonyesha mtoto amekula nini na amebakiza nini.

Jambo la tatu ni chakula chenyewe. Mwaka 1929 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaica, alikwenda kufanya kazi katika Pwani ya Dhahabu, nchi iitwayo leo Ghana. Huko aliona watoto walioachishwa ziwa wakavimba miguu, nywele zikabadilika rangi na ngozi ikabambuka. Wengi wao walikuwa wakilishwa vyakula vya mahindi karibu peke yake. Mwaka 1933 aliandika habari za ugonjwa huo, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina walilouita Waga, wenyeji wa Accra: kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapozaliwa. Wenyeji walikuwa wameona vema. Sababu zote za ugonjwa huo zingali zikichunguzwa hata sasa, lakini jambo hili ni wazi: uji mtupu haumjengi mtoto. Sharti uandamane na maharage, kunde, karanga, maziwa, yai, samaki au nyama, na mboga za majani na matunda.

Tena uji mwembamba ni maji mengi na unga kidogo. Hujaza tumbo, usiujaze mwili. Uji mzito nao ni kazi kumeza. Wataalamu wa lishe wa Tanzania walitafuta dawa ya shida hiyo katika kimea, kitu ambacho wapika pombe walikijua zamani. Ulezi hulowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa, ukapukuswa machipukizi na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito ulio vuguvugu, uji hulegea bila kuongezwa maji. Kisha huchemshwa tena. Kimea kilifundishwa mkoani Iringa katika mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983. Huko watoto walipimwa uzito vijijini, na wazazi wakahimizwa kuwalisha mara nyingi zaidi. Katika miaka iliyofuata idadi ya watoto waliodhoofika sana ilipungua.

Mambo machache ya kuangaliwa: mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kulisha. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe, maana zaweza kuwa na sumukuvu. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo, zisije zikamkaba. Na mtoto aliyetoka katika ugonjwa aongezewe mlo mmoja kila siku kwa muda wa majuma mawili, apate kurudisha nguvu.

Mama akiwa shambani, mara nyingi mlishaji ni dada au kaka aendaye shule. Kijiko kilicho mkononi mwake si kitu kidogo. Mdogo wake hukua kwa kijiko hicho.

MASWALI

1. Kwa nini mtoto mdogo hawezi kutosheka na milo miwili kwa siku?
2. Mtoto wa miezi 10 apewe kiasi gani kwa kila mlo?
3. Kibakuli cha peke yake chamfaa mtoto kwa njia gani?
4. Eleza jinsi kimea kinavyotengenezwa na kazi yake.
5. Andika chakula cha siku moja cha mtoto wa miaka miwili, kwa vyakula vipatikanavyo kwenu.