Picha ya Vita vya Trafalgar

Tarehe 21 Oktoba 1805, manowari za Waingereza zilikutana na manowari za Wafaransa na Wahispania karibu na rasi ya Trafalgar, katika pwani ya Hispania. Waingereza walikuwa na merikebu kubwa 27, na adui zao 33, zote za matanga. Nelson, mkuu wa Waingereza, alikuwa katika merikebu iitwayo Victory. Alipigwa risasi kutoka merikebu ya Kifaransa, Redoutable, akafa siku ile ile baada ya kupata habari ya kuwa watu wake wameshinda.

Mchoraji hodari Turner, mwana wa kinyozi wa London, hakuviona vita vile. Lakini Victory iliporudi Uingereza mwishoni mwa mwaka ule, alikwenda akaichora. Baadaye Mfalme George wa Nne alimwagiza picha ya vita, naye akaimaliza mwaka 1824. Ni kubwa mno. Upana wake wapita mita tatu na nusu. Katikati yasimama Victory, imezungukwa na moshi wa mizinga, na mlingoti wake mmoja waanguka.

Mabaharia walipoitazama walikasirika, kwa maana mambo ya merikebu ndiyo kazi ya baharia, wala hasamehe kosa. Walisema kwamba bendera za ishara zilitwekwa kabla ya adhuhuri, hali mlingoti ulianguka vita vikiwa vimepamba moto. Merikebu Achille, iwakayo moto kwa mbali, iliungua alasiri. Nayo Redoutable, izamayo mbele, ilizama kesho yake. Basi yawezekanaje yote yaonekane kwa mara moja?

Walisema kweli. Lakini msimulizi aweza kusema "kisha", na mchoraji hana neno hilo. Kitambaa chake ni kimoja. Turner alitaka kuonyesha vita vizima, tangu amri ya kwanza hata hasara ya mwisho. Tena mbele kabisa, karibu na mtazamaji, hakumweka jemadari, bali mabaharia wa kawaida: wengine wamesongamana mashuani, wengine wanakufa maji.

Mwaka 1829 mfalme aliitoa picha hiyo kwa nyumba ya mabaharia wazee huko Greenwich, ambako baadhi yao walikuwa wamepigana Trafalgar wenyewe. Hata leo iko Greenwich, katika makumbusho ya mambo ya bahari.