Kamera Ndani ya Ndege ya Kasi
Piga picha kupitia dirisha la basi linalokimbia: miti ya kando ya barabara hutoka kama imeburutwa. Sasa fikiria SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani, ikipita kilomita 24 hivi juu ya ardhi kwa zaidi ya mita 900 kila sekunde.

Hesabu yake si ngumu: kasi gawanya kwa kimo, zidisha kwa urefu wa fokasi. Lenzi ikiwa na mita 1.2, taswira huteleza milimita 45 kwa sekunde juu ya filamu. Basi katika kamera za aina hii filamu, au kioo, husogezwa kuifuata taswira kwa kasi ileile wakati mwanga unaingia. Kimo kikikosewa, picha huburutika, na hilo hujulikana ndege ikishatua, filamu ikisafishwa.