Dondoo muhimu kwa padri aendaye kusoma Roma

• Ndani ya siku 8 za kazi tangu kuwasili, omba kibali cha ukaazi, na stakabadhi ya posta uihifadhi pamoja na pasipoti.

• Celebret, yaani hati ya askofu ishuhudiayo upadri wako, isikutoke mfukoni abadan, kwani mtunza sakristia asiyekujua ana haki ya kuitaka kabla hujavaa kasula.

• Jumapili ya mwisho wa mwezi, ambapo Makumbusho ya Vatikano, isipokuwa ikiangukia sikukuu kubwa, hayatozi kiingilio, damka mapema, maana baada ya saa 6:30 mchana hapana aingiaye.

• Kiu ikikushika njiani, ziendee chemchemi za chuma ziitwazo nasoni: ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji safi huruka juu kupitia tundu dogo, ukanywa bila ya kuinama wala kulipa.