Kufundisha Upigaji Picha kwa Njia ya Kupeana Maarifa

Makala haya yamekusudiwa mwalimu mwanafunzi atakayefundisha sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Shabaha yetu ni kuonyesha jinsi somo la mwanga linavyoweza kuwazoeza watoto desturi ya wapiga picha hodari: kuandika vifaa na mbinu walizotumia, kisha kumpa mwenzao maandishi hayo ili naye ajaribu.

Picha peke yake haielezi ilivyopatikana. Atazamaye picha ya nyika iliyopigwa kutoka Irente hajui tundu la lenzi lilifunguliwa kiasi gani. Hapa Usambara jambo hili ni zito zaidi, kwani ndani ya msitu wa Magamba mwanga ni hafifu, na hatua chache nje yake jua ni kali. Wapiga picha wa filamu walirithishana kanuni: penye jua kali tundu liwe namba 16, na filamu ya kasi 100 ipewe sekunde 1/100 hivi. Leo kamera na simu huhifadhi vipimo hivyo zenyewe ndani ya picha, lakini haziandiki sababu ya kuvichagua. Kazi hiyo ni ya mtu.

Desturi hii ni ya kale. Katika karne ya 11 Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alieleza jinsi alivyopanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ilitoa doa lake la mwanga ukutani. Taa moja ilipozibwa, doa lake tu lilitoweka. Kwa kuwa aliandika mpango wenyewe, wengine waliweza kuurudia.

Zana. Kila kundi liwe na boksi la karatasi ngumu lenye urefu wa sentimita 20, lililopakwa masizi ndani. Upande mmoja uwekwe kipande cha kopo la soda, ambacho mwalimu atakikata mwenyewe kwa kuwa kina makali. Upande wa pili uzibwe kwa karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta ya kupikia.

Hatua ya kwanza. Kundi A litoboe bati kwa sindano, kundi B kwa msumari mdogo, kundi C kwa msumari mkubwa. Wakiwa wamejifunika blanketi, waelekeze boksi kwenye mti ulio juani. Wataona mti umepinduka. Waonywe wasilielekeze kwenye jua.

Hatua ya pili. Kila kundi liandike ukubwa wa tundu, urefu wa boksi, umbali wa mti, saa, hali ya hewa, na taswira iliyoonekana. Yaliyoshindikana nayo yaandikwe. Watagundua kuwa tundu kubwa huleta mwanga mwingi na taswira yenye ukungu. Tundu dogo hufanya kinyume chake.

Hatua ya tatu. Makundi yabadilishane maandishi, si maboksi. Kila kundi litengeneze boksi jipya kwa kufuata maandishi ya wenzao bila kuwauliza. Wakikwama, maandishi yana pengo, na wenyewe wayarekebishe.

Hesabu ithibitishe kazi. Mti wa mita 10 ulio umbali wa mita 20, katika boksi hili, hutoa taswira ya sentimita 10.

Tathmini. Hapa ndipo walimu wengi wanaweza kuliharibu somo. Tukilituza kundi lenye taswira nzuri pekee, watoto watafichana mbinu. Alama zitolewe kwa kundi ambalo maandishi yake yamewawezesha wengine kufaulu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na maarifa ni mali. Shule yenye kamera moja na daftari lililotunzwa itawafundisha watoto wa miaka mingi, hata siku kamera hiyo itakapoharibika.