Kisukari nyumbani: mita, simu na mtu wa kupokea namba

Vipo vifaa vya kupimia sukari vinavyopeleka majibu moja kwa moja kwenye simu. Daktari wetu anajibu maswali kutoka Mtwara Mjini na vijiji vya pwani, kuelekea mlango wa mto Ruvuma.

Shikamoo daktari. Mama yangu anaishi Chuno, mimi nafanya kazi Dar es Salaam. Nataka kumnunulia mita inayotuma majibu kwenye simu. Bila bando itafanya kazi?

Marahaba. Itafanya. Mita hupima tone la damu kwenye kijiti, kisha hurusha jibu kwa Bluetooth hadi kwenye simujanja iliyo hatua chache tu. Hapo bando halihitajiki. Linahitajika pale simu ya mama inapokutumia wewe jibu hilo. Mtandao ukikatika, majibu hubaki kwenye mita na kukufikia ukirudi.

Ila kabla hujalipa, uliza vijiti vyake vinauzwa wapi Mtwara na kwa bei gani. Mita hununuliwa mara moja, vijiti ni gharama ya kila mwezi, na vya mita moja kwa kawaida havifanyi kazi kwenye nyingine. Mita ya kisasa iliyokosa vijiti itaishia kabatini. Na kama mama ana kitochi, mita ya kawaida, daftari na ujumbe mfupi kila asubuhi vinatosha kukujulisha hali yake.

Dokta, mume wangu ni mvuvi hapa Msimbati na anachoma insulini. Nimesikia kuna kifaa cha kubandika mkononi, mtu hajitoboi tena kila mara. Kitastahimili bahari?

Hicho ni kihisi. Cha FreeStyle Libre, kwa mfano, hubandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, na uzi wake mwembamba hukaa chini ya ngozi kwa siku 14. Kimetengenezwa kuvumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kwa hiyo kutembea mwambani wakati wa bamvua akitafuta pweza, sawa, kuzamia, hapana.

Kihisi hakipimi damu. Kinapima majimaji ya chini ya ngozi, na sukari ya humo huchelewa dakika kadhaa kuifuata ya kwenye damu. Mtu akivuta nyavu na sukari ikashuka kwa kasi, simu inaweza kuonyesha 5 (kwa kipimo cha mmol/L) wakati damu tayari iko chini ya 4. Akianza kutetemeka na kutokwa na jasho la baridi, asibishane na simu: atoboe kidole, na kama mita haipo karibu, anywe kitu chenye sukari papo hapo.

Wanaofaidika zaidi ni wanaochoma insulini mara kadhaa kwa siku, wakiwemo watoto, na wale ambao sukari huwashuka usingizini, kwani baadhi ya vihisi hupiga kengele. Anayetumia vidonge pekee mara nyingi anatoshwa na vijiti.

Kuna saa za mkononi zinazosemekana kupima sukari bila kutoboa. Ninunue?

Usinunue. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Saa inayoonyesha namba iliyotoka kwenye kihisi ni jambo jingine. Ukipanga dozi ya insulini kwa namba isiyo ya kweli, unaweza kupoteza fahamu.

Shikamoo. Niko Naliendele. Msimu wa korosho mita hunionyesha 14 hata 16 asubuhi, kabla sijala. Imeharibika?

Marahaba. Huenda sukari imepanda kweli, lakini anza na vidole. Anayetenganisha korosho na bibo hubaki na maji matamu mikononi. Yakichanganyika na tone la damu, mita inasoma na sukari ya bibo. Kufuta kwa spiriti hakutoshi. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, pima tena. Ikibaki juu, nenda kliniki.

Tazama pia joto. Vijiti vingi havitakiwi kuzidi nyuzi 30, na vikae kwenye kopo lake lililofungwa. Insulini isiyofunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8; iliyofunguliwa, nyingi hudumu kama siku 28 pasipo na joto kali. Soma karatasi yake. Kama huna friji, weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga uliolowa katikati, na ukiweke kivulini penye upepo. Chupa ya insulini ikae kwenye mfuko usioingiza maji.

Niko Msanga Mkuu. Namba ninazo tele kwenye simu. Nimpe nani?

Siku ya kliniki, iwe hospitali ya Ligula au kituo cha jirani, kubaliana na mhudumu: atapokea namba zipi, lini, na wewe ufanye nini kabla hajajibu. Usizitume kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Pima kwa mpango. Wiki hii pima kabla ya ugali wa muhogo na saa 2 baada yake; wiki ijayo fanya hivyo kwa wali. Wengi hulenga 4 hadi 7 kabla ya kula, na chini ya 10 baadaye. Wazee na wajawazito hupangiwa malengo yao.

Sukari ikishuka chini ya 4, koroga vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, upime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali. Ikizidi 15 huku unatapika au unahema kwa kasi, usingoje ujumbe wako ujibiwe. Na kwa kuwa hospitali kwenu ni ng'ambo ya maji, jua tangu leo ni nani atakayekuvusha usiku.